Maji ya chumvi na umeme ya kuoshea mboga na vyombo, ni sanitaiza kweli?

JikoLaJinja:
Salamu zenu wadau, naomba mnipe mawazo kabla sijatoa pesa. Mimi na dada yangu tuna jiko dogo hapa Jinja, mchana tunapelekea watu wa ofisini chakula, matooke, wali, kuku, maharage na saladi ya kabichi na nyanya, jioni tunauza juisi ya pasheni na matunda ya kukatwa. Sasa kuna ofisi moja inataka tuwapikie kila siku ila wametuuliza swali ambalo limetukaa kooni, mboga za kuliwa mbichi mnazisafisha na nini, visu na vibao je, na wanataka jibu la maandishi sio la mdomo.

Tukiwa bado tunafikiria akaja kijana mmoja anauza mashine, iko kama birika kubwa la plastiki, unatia maji, unatia chumvi kidogo, unachomeka kwenye umeme, maji yanaanza kutoa povu laini kama soda, baada ya dakika chache yananuka kama bwawa la kuogelea. Anasema hayo ndio sanitaiza ya kisasa, Wajapani wanatumia, haina kemikali hata moja, inaua asilimia 99.9 ya kila kitu, unaoshea mboga, kuku, visu, meza, mikono, na ukipenda unakunywa. Bei yake inatisha, na ndio maana nimekuja huku. Je hii kitu ni ya kweli au ni maneno ya biashara? Na kama ni ya kweli inashinda JIK, ile dawa ya klorini ya dukani, kwa nini? Na hapa kwetu umeme ukikatika katikati ya kazi tunafanya nini? Mwenye kujua anisaidie jamani, watu wanakula chakula chetu na sitaki kubahatisha.

Mwanakijiji_Busia:
Dada usikimbilie. Mi nimeona hizo mashine huku mpakani, zingine ndogo kama chupa ya kupulizia, unachaji kama simu. Mtu akisema kitu kinaosha sakafu na pia unakunywa mi huwa nashika mfuko wangu kwanza. Ngoja waje wataalam, kuna bwana humu alifanya kazi kwenye viwanda vya samaki, hayo mambo ya klorini anayajua vizuri.

QA_wa_Samaki:
Nimeona nimeitwa. Nimekaa miaka mingi kwenye ubora wa samaki wa ziwa Viktoria, na waliokuwepo mwisho wa miaka ya 1990 wanakumbuka Ulaya walivyofungia samaki wetu, viwanda vikasimama, watu wakarudi nyumbani. Tangu hapo kiwandani klorini haimwagwi kwa macho, inapimwa na inaandikwa. Kwa hiyo dada yangu swali lako ni zuri sana na hao wateja wako wamefanya vizuri kukuuliza.

Teknolojia yenyewe ni ya kweli. Chumvi ni sodiamu na kloridi, umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, upande wa anodi, yaani chanya, kloridi inageuka klorini, ikikutana na maji inakuwa kitu kinaitwa asidi ya haipoklorasi, hiyo ndio inayoua. Upande wa pili, kathodi, inatoka gesi ya haidrojeni, ndio hilo povu ulilo­liona, na inabaki soda kali. Japani waliyaruhusu haya maji kwenye chakula mwaka 2002, wakayapangia viwango kabisa, na sasa ya asidi kali yanatakiwa yawe na klorini 20 mpaka 60 ppm (ppm ni miligramu ndani ya lita moja) na ya asidi kidogo 10 mpaka 80 ppm, na yasibaki kwenye chakula kinapomfikia mlaji. Kwa hiyo hapo kijana hakudanganya.

Lakini hilo la kusema hakuna kemikali ni uongo mtupu, usiliandike kwenye barua ya mteja. Ni klorini. Imetengenezwa jikoni kwako badala ya kiwandani, basi.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo pesa yako ilipo. Hizi mashine si za aina moja. Kuna zenye utando katikati unaotenganisha pande mbili, hizo zinatoa maji mawili, moja ya asidi, pH 2.7 kushuka chini (pH ni kipimo cha uasidi, chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), mengine ya alkali, pH 11 hivi, haya ya alkali yanakata mafuta vizuri, na wenye kuzitumia sawasawa wanapitisha ya alkali kwanza kutoa mafuta halafu wanamalizia na ya asidi kuua. Kuna na hizi za birika, hazina utando, kila kitu kinachanganyika humo humo, unapata maji ya pH 8 au 9. Hayo ukiniuliza mimi ni JIK nyepesi iliyotengenezwa kwa umeme. Si mabaya, yanafanya kazi, ila usilipe bei ya mashine kubwa.

pH ni muhimu kwa sababu hii, klorini ndani ya maji ina sura mbili. Ikiwa asidi ya haipoklorasi haina chaji, inapenya ganda la bakteria bila shida. Ikiwa haipokloraiti ina chaji hasi, na ganda la bakteria nalo lina chaji hasi, vinasukumana. Kwenye pH 7.5 ni nusu kwa nusu, kwenye pH 6 karibu yote ni ile asidi inayoua haraka, kwenye pH 9 asidi inabaki kama asilimia 3 tu. Ndio maana maji ya pH 5 mpaka 6.5 yanaweza kufanya kazi kubwa na ppm ndogo. Mwambie huyo kijana akuonyeshe pH na ppm ya maji yake, kwa kupima, mbele yako. Akishindwa muage kwa heshima.

MamaSaladi_Arua:
Asante kaka kwa maelezo. Mi niko Arua nauza saladi na rolex, ile chapati ya mayai, sina mashine na sijawahi kuona kama naihitaji. Natumia JIK ya kawaida, ile isiyo na manukato, soma lebo kwanza, kama imeandikwa 3.5% basi kwa lita 10 za maji unatia vijiko viwili vikubwa vya mezani, kama mililita 30, unapata 100 ppm hivi. Hayo ni ya mboga na matunda. Mboga zinakaa humo dakika moja mpaka mbili halafu zinasuuzwa na maji safi ya kunywa, sio ya ndoo iliyokaa wazi. Vibao na visu napitisha kwenye hayo hayo baada ya kuosha na sabuni.

Lakini dada wa Jinja nikwambie penye kazi hasa. Kazi iko kabla ya JIK. Kabichi natoa majani ya nje natupa, nakata vipande, nasuuza. Mboga za majani kama nakati na dodo naosha kwenye maji yanayotiririka, nafungua jani kwa jani, maana pale shina linapokutana na mzizi kuna udongo mweusi umejificha unashika kama gundi, ule usipoutoa kwa vidole hakuna dawa itakusaidia. Wasichana wangu wanajua, mboga haigusi ndoo ya JIK mpaka maji ya kusuuza yawe meupe.

QA_wa_Samaki:
Mama Saladi umemaliza, hapo kwenye udongo ndipo watu wengi wanapopotea. Klorini haichagui. Ikikuta udongo, damu, mafuta, maji ya nyanya, inaviunguza hivyo kwanza na kuisha, bakteria wanabaki salama. Ukitaka kuliona kwa macho chukua stripu ya klorini, kile kikaratasi cha kupimia, chovya kwenye ndoo mpya inabadilika rangi imekolea, halafu tumbukiza fungu la mboga ambalo halijaoshwa, koroga, subiri kidogo, chovya nyingine, utaona rangi imepauka kabisa. Maji yako vile vile, harufu bado iko, lakini nguvu imekwenda. Ndio maana nasema pua haipimi klorini.

Na hii ni sawa kwa JIK na kwa maji ya mashine, hakuna tofauti. Maji ya mashine yanaisha haraka zaidi kwa sababu mara nyingi yana ppm ndogo tangu mwanzo.

Ubao wa kukatia kuku ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Angalia ubao wa plastiki uliotumika muda, una mikwaruzo ya kisu, ndani ya mikwaruzo kuna mafuta ya kuku yameganda, ukipitisha kidole unahisi utelezi hata kama unaonekana mweupe. Ukipulizia maji ya klorini juu ya huo utelezi unaua vya juu tu. Sabuni, maji ya vuguvugu na brashi ngumu kwanza, suuza, ndipo sanitaiza, iache dakika moja angalau, usiifute na kitambaa, acha ikauke yenyewe. Ubao ukishakuwa na makovu mengi nunua mwingine, ni rahisi kuliko mashine. Na ubao wa kuku usikutane na ubao wa saladi hata siku moja.

Kuku mbichi naye usimwoshe chini ya bomba, yale matone yanaruka mpaka kwenye sahani zilizooshwa yamebeba bakteria kama Salmonella na Campylobacter. Moto ndio unaosafisha kuku.

FundiKasese:
Niongeze upande wa mashine maana mi ni fundi wa umeme na nimefungua kadhaa. Cha kwanza angalieni elektrodi, vile vipande vya chuma vinavyopitisha umeme ndani ya maji. Nzuri ni titaniamu iliyopakwa oksaidi za ruthenia au iridia, hiyo hailiki. Za bei ya chini utakuta wameweka chuma cha pua, ikifanya kazi na chumvi inaliwa taratibu na kutoa kromiamu, ikiwemo ile aina inayoitwa kromiamu ya sita ambayo ni sumu. Ukiona maji yanageuka manjano au kijani au kuna uchafu wa rangi ya kutu chini, hayo maji usiyaguse kwenye chakula.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba vijana wanaoangalia video na kuchukua misumari na betri ya gari wakajitengenezee nyumbani, msifanye hivyo. Mbali na hizo sumu, haidrojeni inalipuka, na gesi ya klorini kwenye chumba kilichofungwa inachoma mapafu.

Cha pili ni chumvi. Huku kwetu Kasese watu wanauliza kama wanaweza kutumia chumvi ya ziwa Katwe ile ghafi. Ile ni chumvi nzuri kwa kazi zake lakini ina salfeti na kabonati nyingi ndani, kwa mashine tumia chumvi iliyosafishwa. Tatu ni maji ya kisima, yakiwa na chokaa yanaganda meupe kwenye kathodi na mashine inachoka. Unaondoa kwa siki, LAKINI mwaga kwanza maji yote ya klorini na usuuze vizuri, ndio utie siki. Asidi ikikutana na klorini inatoka gesi ya sumu papo hapo. Kuna wanaoshauriwa waongeze siki ili kushusha pH, bila kipimo hapo unacheza na moto, ukizidisha kidogo gesi inatoka kwenye chupa na kukuingia usoni.

Mwanakijiji_Busia:
Wakuu hebu nisaidieni na hili. Mboga nyingi za Kampala zinalimwa kwenye mabonde karibu na mitaro, tunajua maji yake yalivyo. Klorini inamaliza hadi minyoo? Na hilo la kunywa vipi?

QA_wa_Samaki:
Hapana, na nashukuru umeuliza. Mayai ya minyoo kama askarisi yana ganda gumu, klorini ya 100 ppm hayaijali. Kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha, naye hivyo hivyo, ndiye anayesumbua hata kwenye maji ya bomba. Hao wanatolewa kwa kusugua na maji yanayotiririka, au kwa moto. Kwa hiyo ile kazi ya Mama Saladi ya kufungua jani kwa jani ndiyo inayolinda zaidi hapo. Na hata bakteria, kuosha mboga na klorini kunapunguza tu, wale walioingia ndani ya jani hawafikiwi. Kama hujui mboga imetoka bonde gani, ipike.

Kunywa hapana. Maji ya kunywa yana klorini kidogo sana, 0.2 mpaka 0.5 ppm inatosha, na WHO wanaweka mwisho 5 ppm. Maji ya sanitaiza ni mara nyingi zaidi ya hapo, tena yana chumvi.

Na dada wa Jinja kwa vile unauza juisi, kumbuka taifodi ya Kampala ya 2015, ilienea sana katikati ya mji, na uchunguzi uliishia kwenye maji machafu na vinywaji vya kienyeji vilivyotengenezwa nayo, juisi ya pasheni ikiwemo. Unaweza kuwa na mashine ya milioni nyingi na visu vinavyong'aa, lakini kama maji unayochanganyia juisi na barafu unayotia hayajachemshwa hujafanya kitu. Anzia hapo.

JikoLaJinja:
Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na dada yangu. Maji ya juisi tunachemsha, barafu tulikuwa tunanunua, kuanzia sasa tunagandisha wenyewe kwa maji yaliyochemshwa.

Kijana tumemwita arudi, nikamwomba apime kama mlivyosema, hakuwa na stripu ila mimi nilikuwa nimeagiza Kampala kwa wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Maji yake yalionyesha pH zaidi ya 8 na klorini kati ya 50 na 100. Tukatia fungu la dodo kutoka sokoni kama lilivyo na udongo wake, tukapima tena, stripu ikabaki karibu nyeupe. Kijana mwenyewe alishangaa, hakuwa anajua, tumeagana vizuri na nikamwambia aje asome hapa.

Kwa hiyo kwa sasa tunaanza na JIK na stripu. Ila nimebaki na maswali. Ofisi wanauliza kama vyombo lazima visuuzwe baada ya klorini au la. Halafu sehemu tunayokodi haina sinki tatu, za sabuni, kusuuza na sanitaiza, tuna moja na ndoo. Na hayo maji nikichanganya asubuhi nitumie mpaka jioni?

MamaSaladi_Arua:
Ndoo zinatosha nnyabo, mimi nina ndoo tatu za rangi tofauti, ya sabuni, ya kusuuza, ya JIK, na kila moja ina alama ya lita ndani niliyochora kwa kisu ili msichana asikisie. Ya JIK ina mfuniko, maana jua na joto vinaimaliza. Usichanganye na maji ya moto pia, klorini inapanda hewani na macho yanawasha. Ya asubuhi usiifikishe jioni kwa kubahatisha, kila ukiona maji yameanza kuwa na ukungu mwaga uchanganye mapya, na kabla ya kazi ya mchana pima.

QA_wa_Samaki:
Kuhusu kusuuza, kwa vyombo na vibao sheria ya Marekani ambayo viwanda vingi vinaifuata inaruhusu mpaka 200 ppm bila kusuuza, ila chombo kiachwe kitoe maji na kukauka. Ukizidisha 200 lazima usuuze. Kwa mboga na matunda suuza kila mara. Kwa hapa Uganda mteja wako anaweza kutaka pia kujua kama bidhaa unayotumia ina alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, angalia kwenye chupa kabla ya kuandika.

Umeme kwenye njia hii hauhitajiki, na hata JIK ikiisha una sigiri. Visu, vijiko na sufuria zilizooshwa vizuri ukizizamisha kwenye maji ya 77°C kwa sekunde 30 zimesafika, na kama huna kipimajoto tumia maji yanayochemka kabisa, tumia koleo usiungue. Joto halibaki kwenye chakula na halihitaji stripu, mimi kwa visu naliamini zaidi kuliko chochote.

Mashine usiifute kabisa kichwani. Mkikua, mkawa mnatumia klorini nyingi kila siku, mashine yenye utando, elektrodi za titaniamu na mtu wa kuitengeneza hapa hapa nchini inaweza kulipa, maana chumvi ni rahisi na hubebi majerikeni ya kemikali barabarani. Siku hiyo ikifika mtafute FundiKasese aifungue kabla hujalipa.

FundiKasese:
Niko hapa, nitafungua bure.

JikoLaJinja:
Asanteni sana wakubwa zangu. Sasa ile barua ya ofisi niandike vipi kwa ufupi?

QA_wa_Samaki:
Andika mnachofanya tu, bila asilimia 99.9. Mboga mbichi zinaoshwa kwa maji yanayotiririka, zinazamishwa kwenye klorini 100 ppm kwa dakika mbili, zinasuuzwa na maji yaliyochemshwa. Vibao vya nyama na vya mboga ni tofauti, vinaoshwa kwa sabuni, vinasuuzwa, vinatiwa sanitaiza, vinaachwa vikauke. Klorini inapimwa kwa stripu kila ndoo inapobadilishwa. Halafu ambatanisha daftari lenyewe, karatasi ya mistari inatosha: tarehe, saa, ppm, aliyepima, na nafasi ya kuandika kilichofanyika kama kipimo kilikuwa chini. Hiyo nafasi ya mwisho usiiache tupu mwezi mzima, mkaguzi mzuri anaangalia hapo kwanza, na ikiwa tupu anajua hamkupima.